Sanda ya Manowari Ailipe Nani?

Tarehe 3 Februari 2023 jeshi la wanamaji la Brazili liliizamisha kwa makusudi manowari yake kubwa kuliko zote, yapata kilomita 350 kutoka pwani ya nchi hiyo, mahali ambapo kina cha bahari kinafikia mita 5,000. Hapakuwa na vita. Manowari hiyo haikupigwa na adui, wala haikupanda mwamba. Ilizamishwa kwa sababu hapakupatikana bandari iliyokuwa tayari kuipokea.

Magazeti ya dunia yaliitaja habari hiyo kwa siku mbili tatu, kisha yakaendelea na mengine. Sisi twaona haikustahili kusahauliwa upesi hivyo, hususan na watu tunaoishi ukingoni mwa Bahari ya Hindi, ambayo kwa karne nyingi imekuwa njia ya manowari za watu wengine na, mara kwa mara, kaburi lake.

Manowari hiyo ilizama kwa jina la São Paulo, lakini hilo lilikuwa jina la uzeeni. Ilizaliwa Ufaransa ikaitwa Foch, nayo ilikuwa na dada yake mkubwa aliyeitwa Clemenceau. Zote mbili zilikuwa manowari za kubebea ndege, zimejengwa kwa ramani moja, kila moja ina urefu wa mita 265 na uzito upitao tani 30,000 inapokuwa imeshehenezwa. Mkuku wa Clemenceau ulilazwa huko Brest mwaka 1955, nayo ikaanza kazi mwaka 1961. Foch ilifuata mwaka 1963. Miaka ile Ufaransa ilikuwa katika vita vya Algeria, na makoloni yake mengine ya Afrika yalikuwa yakijitoa mikononi mwake moja baada ya jingine. Haikuwa siri kwamba chombo cha namna hii hujengwa ili dola iweze kuonyesha misuli yake mbali na kwao.

Na kweli misuli ilionyeshwa. Mwaka 1966 Foch ilikwenda Pasifiki kusindikiza majaribio ya mabomu ya nyuklia katika visiwa vya Polynesia, na mwaka 1968 Clemenceau nayo ikaenda. Mwaka 1977, Djibouti ilipokuwa ikipata uhuru wake, Ufaransa ilipeleka manowari zake za kubebea ndege zikae katika maji ya pale, mlangoni mwa Bahari ya Shamu. Mwaka 1983 ilikuwa zamu ya Lebanoni. Mwaka 1999 ndege za Foch zilishiriki katika mashambulizi ya Kosovo. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, dada hawa wawili waliwafanyia wenyewe kazi waliyotumwa, na wenyewe walipata faida waliyoitaka.

Ili kufahamu kilichotokea baadaye, yafaa tutazame tumboni mwa chombo chenyewe. Foch na Clemenceau ziliendeshwa kwa mvuke. Boila sita zilichemsha maji, na mvuke ukapita katika mabomba yaliyotambaa meli nzima mithili ya mishipa, hata kuifikia mitambo ya kurushia ndege juu ya sitaha. Mabomba hayo hayakuweza kuachwa wazi, maana yangewaunguza mabaharia na kupoteza joto. Wajenzi wa zama zile waliyavika asbesto, kwa kuwa ilikuwa rahisi, haishiki moto, na imejaa sokoni. Asbesto ilitiwa pia katika kuta za kuzuia moto na katika viungo vya mitambo. Rangi zilikuwa na madini ya risasi. Nyaya za umeme zilikuwa na mafuta ya sumu yasiyooza. Hata rangi iliyopakwa chini ya maji ilikusudiwa kuwaua viumbe wa baharini wanaonata mwilini mwa meli, nayo iliua zaidi ya hao.

Mtu anayevuta nyuzi za asbesto haumwi siku ile. Anaweza kukaa miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, ndipo mapafu yake yaanze kudai. Wakati huo kazi imekwisha, tajiri aliyemwajiri hayupo tena, na daktari wa kijijini kwake huenda asijue kamwe kwamba mgonjwa huyo aliwahi kukata chuma cha manowari.

Jahazi letu la mbao linapokwisha umri wake husogezwa ufukweni maji ya bamvua yakijaa. Mafundi huchomoa misumari wakaihesabu, mbao zilizo nzima zikaenda kujengea chombo kingine au dari ya nyumba, na zilizooza zikaishia jikoni. Mazishi ya jahazi hayamgharimu mtu pumzi yake. Manowari ya chuma si hivyo, na jambo hilo lilikwisha kuandikwa katika mwili wake tangu siku mkuku ulipolazwa, ingawa halikuandikwa katika hesabu ya ujenzi.

Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yetu. Tulipokuwa watoto chuoni, walimu wetu walitufundisha kwamba mali ya maiti haianzi kwa kugawanywa. Hutangulia gharama za mazishi, yakafuata madeni, ukafuata wasia, na kinachosalia ndicho cha warithi. Mataifa makubwa yenye manowari yameipindua kanuni hiyo. Mali waliigawana mapema: fahari kwa majemadari, kazi kwa viwanda vyao, hofu kwa makoloni. Ilipofika zamu ya sanda na deni, walitafuta jirani mnyonge wa kumbebesha jeneza.

Clemenceau ilistaafu mwaka 1997. Mwaka 2003 iliuzwa kwa kampuni ya Hispania, na ilipoonekana inavutwa kuelekea Uturuki kinyume cha makubaliano, mkataba ukavunjwa. Ndipo tarehe 31 Desemba 2005 ikaondoka Toulon ikivutwa kwa kamba kwenda Alang, nchini India. Alang iko katika Ghuba ya Khambhat, upande wa Kathiawar, pwani ile ile ambayo majahazi yake yalikuwa yakitujia na pepo za kaskazi na ambayo ni asili ya wengi wa ndugu zetu wenye maduka katika miji yetu. Tangu mwaka 1983 meli za dunia nzima huenda kufia huko. Sababu yake kila mvuvi wetu ataielewa bila ya kuelezwa: maji ya bamvua ya pale hupanda na kushuka kwa tofauti kubwa mno, hivyo meli hupandishwa mchangani maji yakiwa yamejaa, na yakipwa hubaki juu ya tope kama nyangumi. Hapo vibarua kutoka majimbo maskini ya mbali, kama Bihar na Odisha, huikata vipande kwa moto wa gesi. Chuma chake huyeyushwa na kugeuzwa nondo za kujengea nyumba.

Safari ile iliamsha ghadhabu. Misri iliizuia manowari kwa siku kadhaa kabla ya kuiruhusu ipite Mfereji wa Suez. Mahakama Kuu Kabisa ya India ikaamuru isiingie kwanza katika maji ya nchi hiyo. Serikali ya Ufaransa ilishikilia kwamba Clemenceau ni zana ya kivita, si taka, na kwa hiyo mikataba ya taka zenye sumu haiihusu. Kuhusu asbesto iliyobaki ndani yake, makadirio yalitofautiana kuanzia makumi ya tani hadi mamia ya tani. Tofauti kubwa ya namna hii yatosha kuonyesha kwamba mwenye meli hakuwa ameihesabu. Tarehe 15 Februari 2006 baraza la juu la sheria la Ufaransa lilisimamisha mpango huo, na siku hiyo hiyo Rais Jacques Chirac akaagiza manowari irudishwe nyumbani. Ikarudi kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Chombo kilichokuwa kikipeleka ndege za kivita katika bahari za watu kilishuka Bahari ya Hindi kikikokotwa kwa kamba, kimya, hakina hata moto jikoni, na kikafika Brest mwezi wa Mei.

Mwaka 2009 ilipelekwa Hartlepool, Uingereza, ambako baadhi ya wananchi nao walipinga kuletewa, na huko ikavunjwa katika chelezo maalum, kwa mafundi waliovaa mavazi ya kinga, kwa gharama ya mwenye meli. Hivyo yawezekana. Tuliyakumbuke jambo hilo kila tunapoambiwa kwamba pwani za maskini ndizo mahali pekee pa kufanyia kazi hii.

Dada mdogo hakupata bahati hiyo, kwa kuwa alikwisha kuozwa mbali. Mwaka 2000 Ufaransa iliiuzia Brazili manowari ya Foch kwa dola milioni 12 za Marekani, bei ambayo ni kama bure kwa chombo cha ukubwa ule. Brazili ilikuwa ikitafuta badala ya Minas Gerais, manowari nyingine ya kubebea ndege iliyojengwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikauzwa Brazili mwaka 1956 na hatimaye kukatwa Alang. Hatuwacheki Wabrazili. Nao ni watu wa Kusini kama sisi, na kila taifa lina haki ya kulinda bahari yake. Lakini rahisi ghali, na wakubwa wa jeshi lao waliitazama zaidi fahari ya sitaha kuliko umri wa mabomba. Mlipuko katika mfumo wa mvuke uliua na kujeruhi mabaharia. Sehemu kubwa ya maisha yake mapya manowari ile ilikaa matengenezoni, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba haifai tena kutengenezwa.

Pamoja na chombo, Brazili ilikuwa imenunua deni. Mwaka 2021 mzoga uliuzwa kwa kampuni ya Uturuki. Tarehe 4 Agosti 2022 uliondoka Rio de Janeiro ukivutwa, ukavuka Bahari ya Atlantiki, na ulipokaribia mlango wa Gibraltar Uturuki ikaondoa ruhusa yake kwa hofu ya sumu iliyomo. Orodha iliyotolewa ilitaja tani 9.6 za asbesto. Watetezi wa mazingira waliouliza juu ya Clemenceau, iliyojengwa kwa ramani ile ile, hawakuweza kuamini. Mzoga ukageuzwa ukarudi Brazili, na huko jimbo la Pernambuco likakataa usiingizwe bandarini mwake. Kwa miezi kadhaa tagi iliuzungusha nje ya pwani kama maiti anayetembezwa mitaani akikosa mtu wa kumfungulia makaburi. Mwenye kununua akatishia kuutelekeza. Mwili ulikuwa umeanza kuingiza maji. Waendesha mashtaka wa serikali walikwenda mahakamani kuzuia usizamishwe, Wizara ya Mazingira ilipinga, na hata hivyo jeshi likauzamisha, na asbesto yake, rangi zake na nyaya zake.

Ufaransa wakati huo ilikuwa kimya. Kwa sheria haikuwa na dhima tena, kwa kuwa ilikwisha kuuza. Sisi twauliza: je, mtu akijenga nyumba akatia sumu katika kuta zake, akakaa humo miaka thelathini na saba, kisha akamuuzia jirani kwa bei ya kutupa, dhima yake humalizika kwa kusaini hati?

Linganisheni na Marekani. Mwaka 2021 jeshi lake la majini liliuza manowari mbili za kubebea ndege, Kitty Hawk na John F. Kennedy, kwa senti moja kila moja. Si kosa la mpiga chapa. Ni senti moja. Waliouziwa ni wakataji wa chuma wa Texas, huko huko Marekani, na bei hiyo ndiyo thamani halisi ya manowari kubwa pale gharama ya kuizika kwa heshima inapotolewa kwanza katika mali yake. Mwenye kutaka kujua Brazili ilinunua nini kwa dola milioni 12, na alinganishe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mataifa yenye manowari za kubebea ndege, na yanatuhusu nini sisi? Waulizeni wazee wa Unguja. Sultani Barghash, baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuvunja merikebu zake, aliagiza manowari kutoka Uskoti, ikajengwa mwaka 1878 kwa mfano wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow, na jina likawa lilo hilo. Ilikaa nangani miaka mingi kuliko ilivyosafiri. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliizamisha mbele ya mji kwa mizinga yao, na milingoti yake ikabaki imesimama juu ya maji ya bandari hadi mwaka 1912, mzoga ulipovunjwa ukaondolewa. Miaka miwili tu baadaye, tarehe 20 Septemba 1914, Wajerumani wa Königsberg wakaizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari hiyo hiyo. Mabaharia wake wamezikwa Chapwani, na chuma chake kilikuja kuuzwa kuwa chakavu katika miaka ya 1950. Königsberg nayo ilikimbilia katika delta ya Rufiji, ikapigwa humo, na tarehe 11 Julai 1915 wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake ilivutwa bara kuendeleza vita, na vita hiyo iliwaua kwa njaa na maradhi wapagazi wetu wasiohesabika. Mmoja wa mizinga hiyo watoto wa shule huutazama Mombasa katika Ngome ya Yesu. Mzoga wenyewe ulikaa katika mto wetu ukimenywa kidogo kidogo na wanunuzi wa chuma kwa miaka arobaini, na mabaki yakamezwa na tope katika miaka ya 1960. Hatujapata kusikia kwamba Mjerumani au Mwingereza alimlipa mvuvi wa Rufiji hata nyavu moja kwa ajili ya ugeni huo.

Upo mfano mmoja mwema, nao ni sharti tuutaje. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa masanduku 5,000 hadi Dar es Salaam, na kwa reli ikafika Kigoma, ambako ilishushwa ziwani mwezi wa Februari 1915 na kufungwa mizinga. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiwa wameipaka mitambo yake grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Watu wa Ujiji, Kasanga na Mpulungu wanajua yaliyofuata. Chombo kilicholetwa kwa ajili ya vita kilibeba mahindi, dagaa, mabibi harusi na wakimbizi kwa miongo mingi kuliko umri wa dola iliyokijenga. Lakini mtu asitumie mfano wa Liemba kutushawishi kupokea kila chakavu. Ule ni mmoja, nao ulifaa kwa sababu wenyeji walipata chombo kidogo, cha kazi iliyojulikana, chenye mafundi wa kukitunza.

Sheria za dunia zina tundu. Mkataba wa Hong Kong juu ya uvunjaji wa meli, uliopitishwa mwaka 2009, ulianza kutumika tarehe 26 Juni 2025, na ni hatua njema. Unaitaka meli iwe na orodha ya vitu vya hatari vilivyomo ndani yake tangu inapojengwa. Walakini manowari hazimo. Wenye manowari ndio waliokaa mezani kuuandika, nao walijitoa wenyewe. Meli ya kubeba ndizi lazima itaje asbesto yake. Manowari inayobeba makombora haisemi neno. Afrika ina Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, unaokataza kuingiza taka zenye sumu barani humu. Lakini chombo kinachokuja kikiitwa msaada wa kijeshi, kina rangi mpya na bendera puani, nani atathubutu kukiita taka?

Hatusemi haya kwa ubishi. Jeshi letu la wanamaji lilianza mapema katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China, marafiki waliotusaidia wakati wengine walitukunjia uso, na bahari yetu yahitaji kulindwa dhidi ya wavuvi haramu na wasafirishaji wa dawa za kulevya. Tutahitaji vyombo, na vingine vitakuwa vimekwisha tumika. Isitoshe, tulikwisha kuonja uchungu wa uzembe katika mambo ya meli: mwezi wa Januari 2018 Serikali ililazimika kusimamisha usajili wa meli za kigeni, baada ya meli zilizopeperusha bendera yetu kukamatwa mbali huko zikiwa na dawa za kulevya na vitu vya milipuko. Bendera hiyo watu waliifia. Jirani zetu wa Komoro nao, bendera yao imekuwa ikikodishwa kwa safari moja tu, ile ya mwisho ya kwenda kukatwa, ili mwenye meli wa kweli asijulikane siku ya kuulizwa.

Kwa hiyo twadai mambo yaliyo katika uwezo wetu. Wawakilishi wetu katika vikao vya Bamako na vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Bahari wasimame waseme waziwazi kwamba manowari ziondolewe katika msamaha, na kwamba aliyeijenga abaki mdhamini wa mazishi yake hata akiiuza mara tatu. Watapingwa, na wapingwe wakiwa wamesema. Hapa nyumbani, kila mkataba wa kununua au kupokea chombo cha kijeshi kilichotumika uwe na karatasi mbili kabla haujatiwa saini: orodha ya sumu zote zilizomo, iliyokaguliwa na wataalamu wetu wenyewe, si ya muuzaji, na ahadi ya fedha, iliyowekwa benki, ya kukivunja siku yake itakapofika, ikitajwa chelezo gani na kwa gharama ya nani. Siri za silaha zibaki kwa majemadari. Asbesto si siri ya silaha, na kamati ya Bunge inayohusika ina haki ya kuzisoma karatasi hizo mbili. Vyama vya wafanyakazi wa bandari navyo vipewe nakala, maana ndio watakaoitwa kubomoa.

Chombo kitakachoshindwa kuja na karatasi hizo, hata kikiletwa bure, kirudishwe kilikotoka kingali kinaweza kuondoka kwa nguvu ya injini zake.